Shajara ya Forester yangu: nguvu za Nairobi, usalama wa Mombasa

14 Januari

Gari ni Subaru Forester SG5 ya 2004, Cross Sports, injini ya EJ205 yenye tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa), giaboksi ya otomatiki ya gia nne. Liliingia Kenya kabla halijapita ile miaka minane ya sheria ya magari yaliyotumika, nami nikalinunua Nakuru kwa mwenyewe wa pili. Limeguswa kidogo tu: springi fupi, stabilaiza nene ya nyuma, pedi bora za breki na sailensa ya mwisho iliyo wazi zaidi. Injini iko kama ilivyotoka kiwandani. Kwa karatasi za Japani ina nguvu za farasi 220 kwa mizunguko 5,600 kwa dakika, na kani ya kuzungusha ya Nm 309 kwa mizunguko 3,500.

Mwaka huu nimetenga pesa za kuiongezea nguvu. Sitaki gari la mashindano. Nataka likipanda Limuru na watu wanne na mizigo lisichoke, na Desemba nikilishusha Mombasa kwa wakwe zangu lifike na lirudi bila kufunguliwa boneti njiani. Masharti hayo mawili, mlima na pwani, ndiyo yatakayoamua kila bolti nitakayonunua.

Nimelelewa Nakuru, na mapenzi ya Subaru kwetu hayakuanza na vijana wa leo. Baba alituhadithia jinsi Patrick Njiru alivyoifikisha Vivio, kigari cha injini ya cc 660, mwisho wa Safari Rally ya 1993. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda mashindano hayo na Subaru Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akaja kushinda na Impreza pia. Nikisikia ule mngurumo wa silinda nne zilizolala bado moyo huruka. Ila mngurumo huo si nguvu. Unatokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana, ambapo moshi wa upande mmoja hufika kwenye tabo ukiwa umechelewa. Nimejifunza kutenganisha ninachokipenda masikioni na ninachokihitaji mlimani.

3 Februari

Afya kwanza. Fundi wangu ni mzee aliyeanza kufungua injini hizi kabla sijamaliza shule. Nilipomweleza mipango yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kijana wangu, mgonjwa hapewi pilau kabla ya kupimwa homa. Leta gari."

Tumepima mgandamizo wa silinda, injini ikiwa na joto, plagi zote nje, mguu umekanyaga mpaka chini. Silinda ya kwanza 124, ya pili 126, ya tatu 123, ya nne 121, kwa kipimo cha psi. Kijana mwanafunzi wa pale gereji alishtuka, kwa sababu kitabu kinataka karibu 140 kwenda juu. Mzee akamwambia, "Kitabu kiliandikwa chini, kwenye bahari. Sisi tuko juu." Na ndivyo ilivyo. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Injini inayovuta hewa nyepesi itagandamiza hewa nyepesi. Ukigawanya 124 kwa 0.82 unapata 151, ambayo ni injini yenye afya. Nimeona watu wakiuziwa injini nyingine kwa sababu ya namba hii kusomwa vibaya. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba silinda zote nne zinalingana. Tofauti kati ya ya juu na ya chini ni 5 tu.

17 Februari

Mkanda wa taimingi mpya, pamoja na roli zake na pampu ya maji. Mkanda ukikatika kwenye injini hii valvu hugongana na pistoni, basi siwezi kuongeza nguvu juu ya mkanda nisioujua umri.

Bolti inayopitisha oili kwenda kwenye tabo ina kichujio kidogo ndani, hata punje ya hindi ni kubwa zaidi. Chetu kilikuwa kimeziba karibu nusu kwa oili iliyoganda. Ni hivi ndivyo tabo nyingi za Subaru zinavyokufa: mwenye gari anachelewa kubadilisha oili, kichujio kinaziba, beringi za tabo zinakauka, na lawama zinaangukia tabo. Wengine hukitoa kabisa. Mimi nimeweka kipya, na oili sasa itakuwa kila kilomita 5,000.

Tulipuliza moshi kwenye njia ya hewa kutafuta mivujo, tukakuta unatoka sehemu mbili: bomba la mpira chini ya intakula (kipozaji cha hewa inayotoka kwenye tabo), na kijibomba chembamba nyuma ya manifoldi, bomba linaloigawia silinda hewa hiyo. Yamebadilishwa yote mawili. Gari limekuwa jepesi mguuni hata kabla ya kununua chochote cha kuongeza nguvu.

9 Machi

Nimekaa na kalamu usiku mzima juu ya suala la busti, yaani msukumo wa hewa ya tabo, kwa sababu kila ninayemuuliza ananipa jibu lilelile: "Pandisha mpaka baa 1, umemaliza."

Geji ya busti inapima kile tabo inachokiongeza juu ya hewa ya mahali ulipo. Haipimi hewa yote iliyoingia kwenye injini. Mombasa hewa yenyewe ina kanieneo ya baa 1.01. Geji ikisoma 0.8, ndani ya manifoldi mna baa 1.81. Nairobi hewa ni kama baa 0.83, na kwa gari langu geji inafika 0.75 tu, kwa sababu ndani ya kompyuta ya injini kuna jedwali linalopunguza busti hewa ikiwa nyepesi. Jumla ni 1.58. Kwa hiyo hao farasi 220 wa karatasi sijawahi kuwa nao hapa. Waliachwa njiani gari likipanda kutoka bandarini.

Nikitaka ile 1.81 ya pwani nikiwa Nairobi, geji lazima isome 0.98. Yaani "baa 1" ya vijana inanirudisha tu pale ambapo kiwanda kilikusudia. Hapo wana hoja, na nilikuwa nikiwabishia bure.

Lakini kuna upande wa pili. Tabo inahesabu uwiano: hewa inayotoka ikigawanywa kwa hewa inayoingia. Mombasa, 1.81 kwa 1.01 ni karibu 1.8. Nairobi, kufika 1.81 kutoka 0.83 ni karibu 2.2. Tabo yangu ni TD04 ndogo, nzuri kwa kuamka mapema, si ya kusukumwa huko. Inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na inapasha hewa zaidi. Kwa hesabu yangu, hewa inayoingia kwenye tabo ikiwa na digrii 25, ile ya Nairobi itatoka na joto la digrii 30 zaidi ya ile ya pwani kwa kiasi kilekile cha kanieneo. Hewa ya moto ni nyepesi, halafu inaleta kugonga.

Na upande wa tatu, ulioniogopesha: mtu akifunga kidhibiti cha busti cha mkono, akakikaza baa 1 akiwa Nairobi, halafu Desemba akashuka Mombasa, manifoldi inapata baa 2.01. Petroli ileile, injini ileile, joto la pwani juu yake. Hilo ndilo gari unaloliona likivutwa na breakdown karibu na Mtito Andei, kwenye barabara ya Mombasa.

Neno moja kuhusu "kunoki". Mtaani tukisema injini imenoki tunamaanisha beringi zimekwisha na injini imekufa. Kugonga ninakokusema hapa hutokea kabla ya hapo: mchanganyiko wa hewa na petroli unalipuka wenyewe ndani ya silinda bila kungoja moto wa plagi ufike. Mara nyingi husikii kwa sikio. Unakuja kusikia siku ambayo pistoni imeshavunjika ukingo.

30 Machi

Nimenunua waya wa kuunganisha laptopu na kompyuta ya injini, na sensa ndogo ya joto nikaifunga baada ya intakula. Hii ya pili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Sensa ya joto la hewa ya kiwandani imekaa kwenye njia ya kuingilia, kabla ya tabo. Haijui kabisa hewa ilivyo moto inapofika kwenye silinda.

Jumapili alfajiri, barabara tupu, gia ya pili, nikikanyaga kutoka mizunguko 2,500 mpaka 5,500 bila kuvuka kilomita 100 kwa saa. Mke wangu alikaa na laptopu mapajani. Matokeo: hewa iliyoingia kwenye injini ilifika gramu 146 kwa sekunde. Joto baada ya intakula digrii 47 kwa mkanyago wa kwanza, 59 kwa wa pili, na 68 baada ya kukaa kwenye foleni ya Waiyaki Way kisha kukanyaga tena. Kwenye hiyo 68, kompyuta ilirudisha taimingi (wakati wa plagi kutoa moto) nyuma kwa digrii 2.8, kama inavyofanya ikihisi kugonga.

Kwa hiyo gari ambalo halijaongezwa chochote tayari lilikuwa linagonga likipata joto. Ramani ya taimingi, yaani jedwali ambalo kompyuta hulifuata, iliandikwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kanuni yao haiwi chini ya okteni 96, na vituo vingi kule huuza 100. Petroli yetu ya kawaida haifiki huko. Kompyuta imekuwa ikituokoa kimyakimya miaka yote hii.

20 Aprili

Niliyoyakataa, na sababu zake.

Tabo kubwa zaidi. Ndugu mmoja ananiuzia tabo ya VF iliyotoka kwenye STI, Subaru ya michezo, kwa bei nzuri sana. Lakini tabo kubwa huamka mizunguko ikiwa juu, na kwa hewa yetu nyepesi inachelewa zaidi. Gari la otomatiki la kubeba familia mlimani linahitaji nguvu kwenye 3,000. Halafu ukishaweka tabo hiyo unahitaji injekta (vinyunyizio vya petroli), pampu na giaboksi nyingine. Nimemshukuru, nimemwambia hapana.

Filta ya koni iliyo wazi. Hii nimeikataa kwa moyo wote. Inavuta hewa ya moto ya ndani ya boneti, na vumbi letu la barabara za murramu silitaki karibu na tabo. Zaidi ya hayo, sensa ya kupima hewa imekadiriwa kwa kasha la filta la kiwandani. Ukibadilisha umbo la njia, kipimo kinadanganya, na petroli yote inamiminwa kwa kufuata kipimo hicho. Mimi kasha langu ndilo mizani yangu. Filta mpya ya karatasi, basi.

Valvu ya kutoa hewa nje, ile ya mlio wa "psshh". Hewa inayotupwa imeshahesabiwa na sensa, na petroli yake inamiminwa hata hivyo. Kila ukiachia mguu injini inapata petroli kupita kiasi. Ya kiwandani inairudisha hewa ndani, nayo inafanya kazi vizuri.

Nilichokichagua: intakula kubwa zaidi, kutoka kwa STI, inayokaa palepale juu ya injini. Daunipaipu, bomba la moshi linalotoka kwenye tabo, ya inchi 3 na yenye masega ya kusafisha moshi yanayoupitisha kwa wepesi. Masega siyaondoi, watoto wangu wanapumua hewa ya mji huu. Plagi zenye ubaridi wa daraja moja zaidi. Pampu ya petroli yenye uwezo wa lita 255 kwa saa. Na mwisho, kuandikwa upya kwa ramani ya kompyuta. Vyote hivyo ni vya kupoza, kupumua na kulisha. Busti itaongezeka kidogo tu, na itaongezeka zaidi huku juu kuliko pwani.

8 Juni

Wiki mbili za kazi, na zaidi ya nusu yake imeliwa na boliti zenye kutu. Mbili zilikatika kwenye shingo ya tabo. Mzee alizichimba kwa subira ya mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto.

Intakula haikukaa moja kwa moja. Bomba la mpira linaloiunganisha na tabo ilibidi libadilishwe, na chuma cha kushikilia upande wa kulia tumekiunda upya. Chini ya boneti tumeongeza mpira wa kuziba ili hewa ya tundu la boneti ipite ndani ya intakula, isikimbilie pembeni. Mpira huo ndio kitu rahisi kuliko vyote nilivyonunua, na baadaye nitaeleza ulichofanya.

Plagi nilizonunua kwenye duka moja mjini zilikuwa bandia. Kasha lilikuwa sahihi, bei ilikuwa karibu sahihi, lakini mzee alizigeuza mkononi akanionyesha: kauri haikukaa katikati, na mwanya wa nne haukulingana na wa kwanza. Moto wa plagi bandia kwenye injini ya tabo ni hatari tupu. Nimepoteza pesa na siku mbili. Zilizofungwa zimetoka kwa mtu anayeleta kutoka Japani, zote zimepimwa mwanya milimita 0.75.

Tulipowasha, gari likawa zito kuliko zamani. Niliumia sana siku hiyo. Kumbe gasketi kati ya bomba la kupandia na tabo ilikuwa inavuja. Moshi unaotoroka kabla ya tabo ni nguvu iliyopotea, kwa sababu tabo inazungushwa na moshi huohuo. Gasketi ya chuma mpya, boliti zikakazwa tena injini ikiwa imepoa, na gari likaamka.

13 Julai

Kuandika ramani. Nimetafuta mtu anayefanya kazi kwa data, na sharti langu la kwanza lilikuwa kwamba aandike kwa ajili ya miji miwili. Alitabasamu akaniambia ni wachache wanaomuuliza hivyo.

Lile jedwali linalopunguza busti kwenye mwinuko amelibadilisha. Sasa Nairobi geji inafika 0.9, na kadiri hewa inavyokuwa nzito busti inashuka yenyewe, mpaka 0.85 usawa wa bahari. Jumla inakuwa 1.73 huku na 1.86 kule. Taimingi amerudisha nyuma kidogo kwenye 3,500 mpaka 4,500, pale kani inapokuwa kubwa zaidi na hatari ya kugonga ni kubwa zaidi.

Nimekataa kuchukua cheti cha daino, mashine ya kupima nguvu za gari, kama kipimo cha mwisho. Mashine nyingi huongeza asilimia kufidia mwinuko, kwa fomula iliyotungwa kwa ajili ya injini zisizo na tabo. Injini hizo hupoteza nguvu kadiri hewa inavyopungua, lakini tabo hufidia sehemu ya upungufu huo yenyewe. Ukijumlisha fidia mbili unapata farasi ambao hawapo. Mimi nasoma gramu za hewa, kwa sababu kasha la filta na sensa ni vilevile vya Machi.

Barabara ileile, alfajiri ileile: gramu 168 kwa sekunde. Ilikuwa 146. Ongezeko la asilimia 15, ambalo kiasi cha 9 ni busti na iliyobaki ni hewa baridi na ekzosi iliyofunguka. Joto baada ya intakula lilikuwa 39 kwa mkanyago wa kwanza, 45 kwa wa pili, na 54 baada ya foleni, badala ya ile 68. Kabla ya kufunga ule mpira wa boneti vizuri, foleni ilikuwa inanipa 61. Digrii 7 kwa kipande cha mpira. Taimingi haikurudishwa hata mara moja.

Injekta zinafanya kazi kwa asilimia 80 ya muda wao. Nimekadiria kwamba pwani, kwa wingi wa hewa, zitafika 86. Nitajua Desemba.

Kampuni ya bima nimeiandikia kueleza mabadiliko. Malipo ya bima yamepanda kidogo. Afadhali hivyo kuliko kubishana nao gari likiwa mtaroni.

22 Desemba

Nairobi hadi Mombasa. Tuliondoka saa kumi usiku, mke wangu, watoto wawili na mizigo mpaka dirishani. Laptopu ilirekodi njia nzima.

Kwa busti, jedwali limefanya kazi kama lilivyoandikwa. Voi, karibu mita 600, geji ilisoma 0.87. Ukikanyaga kupita lori unahisi gari lina pumzi zaidi kuliko Nairobi ingawa geji inasoma chini, na nilimweleza mke wangu sababu yake mara mbili kabla hajaniambia yatosha.

Baada ya Mariakani, digrii 33 nje, nikikanyaga kupita msururu wa malori: injekta asilimia 84. Nilikadiria 86, hewa ya pwani ni ya moto, ndiyo sababu imepungua. Hapo hapo taimingi ikarudishwa nyuma digrii 1.4, mara moja, kwenye mizunguko 4,100. Niliacha kukanyaga mpaka Mombasa. Jioni nikampigia simu mwandishi wa ramani, nikamtumia faili. Alipunguza taimingi nusu digrii kwenye visanduku viwili vya ramani, akanirudishia, nikaipakia nikiwa uani kwa mkwe wangu, chini ya mwembe.

"Mwanangu," mama mkwe akaniuliza, "gari nalo siku hizi linaandikiwa barua?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama, na hii ni ya kuliambia lipunguze haraka."

29 Desemba

Tumerudi. Kilima cha kutoka Mazeras kwenda Mariakani, joto lilelile, mzigo ukiwa umezidi kwa nazi na maembe: hakuna kugonga hata kidogo. Nimesoma faili mara tatu kuhakikisha.

Kilichojitokeza ni kitu kingine. Oili ya giaboksi ilifika digrii 112 kwenye kilima hicho, nyuma ya malori, na ilichukua zaidi ya nusu saa kushuka chini ya 100. Nguvu zilizoongezwa zimehamishia shida kule nyuma. Nimeongea na mzee. Kwanza tunamwaga oili yote ya giaboksi na kuweka mpya, kisha tunafunga kipozaji chake mbele ya rejeta. Nimepima nafasi upande wa kushoto: sentimita 28 kwa 19, na mabomba yatapita chini ya betri. Tabo inabaki hii hii.